Jaja Alisema Nyuki, Nikakuta Udongo

Mvua za Aprili zilikuwa zimekolea, na udongo wa Walukuba, mtaa wetu hapa Jinja, ulikuwa umelowa hadi kwenye vizingiti vya nyumba, siku ambayo jaja wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alinipigia simu kabla ya saa mbili asubuhi. Mtaani tunamwita jaja, neno la Kiganda la babu au bibi, hata sisi ambao nyumbani tunazungumza Kiswahili, kwa sababu umri wake umekwisha kupita mipaka ya lugha. "Mwanangu," alisema, "nyuki wamenivamia jikoni, wamejenga juu ya dirisha, na wajukuu wanaogopa kuingia kuchukua chai. Njoo na petroli." Nilimwomba asiguse kitu, nikavaa viatu, nikaenda mikono mitupu.

Juu ya dirisha nilikuta madonge matano ya udongo mkavu, kila moja refu kama kidole cha mwisho, yamebandikwa ubavu kwa ubavu. Tuliposimama kidogo, aliingia mdudu mweusi mwenye miguu ya manjano na kiuno chembamba cha manjano, kirefu kiasi cha kumfanya mtu adhani kwamba tumbo limefungwa kwenye kifua kwa uzi. Alikuwa amebeba tonge la tope mdomoni. Alilipaka ukutani huku akivuma kwa sauti nyembamba, akalilainisha, akaondoka bila kututazama. Jaja alikuwa nyuma ya mlango ameshika ufagio. Nilibandua donge moja kwa kisu, nikalivunja juu ya sahani, wakamwagika buibui kumi na kitu, wadogo, wa kijani na wa kahawia, wengine bado hai lakini hakuna aliyeweza kusogea.

"Kumbe nyuki siku hizi wanakula buibui?" aliuliza.

"Jaja, hawa si nyuki."

Mazungumzo ya namna hiyo nimekuwa nayo mara nyingi tangu watu wajue kwamba nina mizinga minane shambani, ng'ambo ya mto. Mwenye mizinga hugeuzwa fundi wa kila kitu chenye mabawa na mwiba. Naitwa kwa ajili ya nyuki, nakuta nyigu. Naitwa kwa ajili ya nyigu, nakuta nzi. Na mara moja niliitwa usiku, kwa sauti ya kilio, kwa ajili ya mdudu ambaye hana uwezo wowote wa kumdhuru binadamu. Nimeona dari ikiunguzwa kwa sababu ya kiota cha wadudu sita. Nimeona pia, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, watoto wakirushia mawe shimo la mti lililojaa nyuki wa asali huku watu wazima wakicheka, kwa sababu nyuki wa asali wamezoeleka na hakuna anayewahesabu kuwa hatari.

Sehemu ya tatizo ni majina. Kiswahili chetu cha Uganda kilikulia kambini, sokoni na viwandani, na kilichukua kutoka pwani yale maneno kilichoyahitaji kwa kazi. Maneno ya wadudu hayakuwa miongoni mwa mahitaji hayo. Kamusi zinatupa nyuki, nyigu, mavu, dondora na bunzi, lakini ukimuuliza mtu wa Jinja tofauti ya mavu na dondora atakuambia kwamba wote wanauma. Wenzetu wanaozungumza Kiganda wanasema enjuki kwa nyuki na ennumba kwa nyigu, na hapo nao husimama. Kwa hiyo mtu anapokuja kuniita simuulizi jina la mdudu. Namuuliza kwanza anaishi katika nyumba ya namna gani, halafu anakula nini, halafu anarukaje. Rangi naiuliza mwisho kabisa, na mara nyingine siiulizi.

Rangi ni shahidi mbaya. Manjano na nyeusi kwa pamoja ni onyo ambalo wadudu wenye sumu wamelivaa kwa muda mrefu, na wasio na sumu wameliiga ili ndege wawaogope. Kuna nzi wa maua, wengi sana kwenye mchicha uliochanua na kwenye alizeti, ambao wamechorwa mistari ya nyuki kwa ustadi wa kumdanganya hata mfugaji. Huwatambua kwa mambo matatu: wana mabawa mawili tu ilhali nyuki na nyigu wana manne, macho yao yamechukua karibu kichwa chote, na vipapasio vyao ni vifupi mno, kama nukta mbili usoni. Nzi huyo anaweza pia kusimama angani mahali pamoja kama aliyetundikwa, kisha akahama ghafla upande. Hana mwiba. Unaweza kumshika.

Mwiba wenyewe una historia inayosaidia kuelewa mengine yote. Nyuki, nyigu na chungu ni ukoo mmoja, na mwiba wao ulitokana na kiungo ambacho mababu wa ukoo huo walikitumia kutagia mayai. Ndiyo sababu ni majike tu wanaodunga. Dume wa nyuki, dume wa nyigu na dume wa chungu hawana kitu cha kudungia, hata wakivuma namna gani. Nyuki walitokana na nyigu zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, pale baadhi ya nyigu walipoacha kuwalisha watoto wao nyama na kuanza kuwalisha chavua. Tofauti hiyo ya chakula ndiyo iliyowapa miili tofauti. Nyuki ana manyoya, na manyoya hayo yana matawi madogo yanayonasa chavua. Nyuki wa asali ana hata kikapu kwenye mguu wa nyuma, na ukimtazama akirudi mzingani utaona tonge la manjano au la rangi ya chungwa kila upande. Nyigu ni mwindaji. Mwili wake ni mtupu na unang'aa, kiuno chake kimebanwa, na miguu yake ya nyuma mara nyingi huning'inia anaporuka. Swali langu kwa simu, "miguu inaning'inia?", limeniokoa safari nyingi za bure.

Hata hivyo neno nyigu limebeba watu wasiofanana hata kidogo, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Wale wa jaja ni wafinyanzi. Wataalamu huwaita Sceliphron. Kila jike anaishi peke yake. Hana malkia, hana askari, hana jamaa wa kumtetea. Anachukua tope ukingoni mwa dimbwi, anajenga chumba, anawinda buibui, anawadunga ili wapooze bila kuoza, anawapanga ndani, anataga yai moja, anaziba mlango, anaanza chumba kingine. Mwiba wake ni zana ya jikoni, na kuutumia dhidi ya binadamu ni kuipoteza sumu ambayo angeitumia kwa chakula cha mtoto. Ukimfinya mkononi atakudunga, bila shaka, lakini sijawahi kuona mtu aliyefukuzwa naye. Hasara yake ni ya namna nyingine: anapenda matundu. Mnamo Februari 1996 ndege ya abiria ilianguka baharini karibu na Puerto Plata katika Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 waliokuwamo wakafa, na wachunguzi walisema kwamba mrija wa kupimia mwendo ulikuwa umezibwa, huenda na nyigu wa jamii hii aliyejenga ndani yake wakati ndege imeegeshwa siku nyingi bila kufunikwa mirija. Kwetu huziba tundu la kitasa na bomba la jenereta, basi.

Wafinyanzi wana ndugu wengi wanaoishi hivyo hivyo kipekepeke. Mmoja hujenga chungu kidogo cha udongo chenye shingo, kizuri kuliko vingi vinavyouzwa barabarani, na hukijaza viwavi. Mwingine ni wa rangi ya kijani inayometameta kama kito, naye huwinda mende. Humdunga mende mara mbili, mara ya kwanza kifuani ili miguu ya mbele ilegee, mara ya pili kichwani, mahali mahsusi katika ubongo, na baada ya hapo mende hajapooza ila amepoteza hamu ya kukimbia. Nyigu humkata ncha za vipapasio, humshika kipapasio kilichobaki, na kumwongoza kwa miguu yake mwenyewe hadi shimoni kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Niliwahi kumwona mmoja akifanya hivyo kwenye ukuta wa choo cha nje, na nilichelewa kazini. Kwa mtu anayeishi na mende, nasi tunaishi nao, sioni sababu ya kumuua mdudu wa namna hiyo.

Yupo pia mwindaji mkubwa, mweusi wenye kuelekea buluu, mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, ambaye hutembea ardhini kwa wasiwasi akitikisa vipapasio. Huyo hutafuta buibui wakubwa wa mashimoni. Jamii yake inajulikana kwa maumivu makali kuliko karibu wadudu wote, ingawa maumivu hayo hupungua baada ya dakika chache. Naye pia hana kiota cha kulinda, kwa hiyo dawa yake ni kumpisha njia.

Wanaojenga karatasi ni suala jingine. Tazama chini ya ukingo wa bati, kwenye mgomba uliokauka majani, au nyuma ya dirisha lisilofunguliwa: kitu cha kijivu, kama kikombe kilichopinduliwa, kimeshikiliwa na kikonyo kimoja, vyumba vyake vya pembe sita vikitazama chini bila kifuniko. Juu yake wamekaa nyigu wekundu wa kahawia, warefu, wenye kiuno kama kijiti, mabawa yamekunjwa kwa urefu hata yakaonekana membamba. Karatasi hiyo huitengeneza wenyewe kwa kukwangua mti mkavu na kuutafuna pamoja na mate. Ukikaa kimya karibu na uzio wa zamani unaweza kuwasikia wakikwangua. Hawa wanaishi pamoja, kwa kawaida makumi machache, wana watoto wa kutetea, na mwiba wao hauna miba ya kunasa ngozini, hivyo mmoja anaweza kudunga mara tatu na kurudi nyumbani salama. Wao wanastahili jina la nyigu kama watu wanavyolitumia, kwa hofu. Lakini hofu hiyo ina mipaka yake ya hatua: mita mbili kutoka kwenye kiota wanakutazama tu, na ukiwaona wameinua mabawa na kusimama wima, umeonywa. Wengi wanaodungwa ni wale walioingiza mkono kuchuma kahawa au kufungua dirisha bila kutazama.

Makala za Ulaya kuhusu wadudu hawa huwapotosha wasomaji wetu, maana zimejaa aina mbili ambazo hazina makao ya asili katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Nyigu wale wa manjano wanaokusanyika kwenye soda na jamu mezani, wanaojenga mpira mkubwa wa karatasi uliofunikwa, si wa kwetu. Vilevile yule nyuki mnene wa manyoya mengi anayechorwa kwenye vitabu vya watoto, mwenye makalio meupe, hayupo huku. Mwalimu mmoja alinibishia sana jambo hilo, akanipeleka hadi uani kwake kunionyesha "yule wa kitabuni", na alichonionyesha kilikuwa bunzi.

Huyu bunzi, au nyuki seremala kama ninavyopenda kumwita, ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Ni mkubwa kama kifundo cha kidole gumba, mweusi, mara nyingi akiwa na ukanda mweupe au wa manjano mgongoni, na mvumo wake ni wa pikipiki inayopanda mlima. Jike hutoboa shimo la duara kamili, kana kwamba limepigwa kwa keekee, kwenye nguzo kavu au boriti ya paa, na unga wa mbao humwagika chini. Kwa unga huo utamjua kabla hujamwona. Yule anayekujia usoni na kusimama hewani mbele ya pua yako, hadi ukakimbia ukaacha ndala, ni dume anayelinda eneo lake, na dume hana mwiba. Jike anao, lakini ni lazima umkamate ndipo autumie. Wakulima wa pasheni wanapaswa kumjua kwa jina, kwa kuwa ua la pasheni limejengwa kwa kimo cha mgongo wake: nyuki wa asali akiingia chini hupita bila kugusa kinachopaswa kuguswa, ilhali bunzi hupakwa chavua mgongoni na kuipeleka ua la pili. Nimeona mtu akiziba mashimo ya mabunzi kwa saruji kwenye banda lake, na wiki hiyo hiyo akilalamika kwamba pasheni zake zinachanua bila kushika matunda.

Kuna nyuki wengine ambao hawadungi kabisa, wadogo kama nzi wa matunda, weusi au wa kahawia, wanaokaa ndani ya ufa wa ukuta, shina la mti au ardhini. Mlango wao ni mrija mdogo uliotokeza, umetengenezwa kwa nta na utomvu, na walinzi wamekaa mdomoni mwake. Mwiba wao umesinyaa hata hauna kazi. Ukiwachokoza huingia kwenye nywele, masikioni na machoni, wakitafuna na kunata, na ni kero kubwa lakini si hatari. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, ni kidogo, na watu huitafuta kwa dawa ya kikohozi; Batwa wa maeneo ya msitu wa Bwindi waliwajua hawa kwa aina na majina muda mrefu kabla ya watafiti kufika kuuliza. Bado naona fundi wa nyumba akiziba mirija hiyo kwa chokaa bila kujua amemzika nani.

Sasa nije kwa nyuki wa asali, Apis mellifera, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Jina lake ni moja, ila kwetu ana sura kadhaa: wa savana ni mdogo, wa manjano ya kahawia na mwepesi wa hasira, wa juu milimani, kama Elgon, huwa mweusi zaidi na mwenye kusubiri. Akiwa peke yake, ua kwa ua, hana ugomvi na yeyote. Mwiba wake una miba ya nyuma kama ndoana, hivyo akidunga mwanadamu hawezi kuuchomoa, anaacha mwiba na sehemu ya tumbo lake, na anakufa. Mdudu ambaye kudunga ni kifo chake hadungi ovyo. Nyumbani mambo hubadilika. Huko kuna asali, watoto na malkia, na kuna makumi ya maelfu ya dada ambao kifo cha mia moja miongoni mwao si hasara.

Mwiba ukichoma hutoa harufu, na harufu hiyo ni amri. Kitu kikuu ndani yake ndicho hicho kinachofanya ndizi mbivu inukie, na mfugaji aliyewahi kuvuta hewa mzingani siku ya vurugu anajua: ghafla shamba linanuka bogoya. Ndiyo maana sili ndizi ninapokwenda kwenye mizinga, jambo ambalo katika nchi hii linahitaji nidhamu. Nyuki wa pili hulenga palepale pa kwanza, wa tatu hivyo hivyo. Kwa hiyo ukidungwa, ondoa mwiba mara moja, kwa ukucha, kwa kisu, kwa chochote; mabishano ya kukwangua au kubana hayana maana kuliko muda, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma chenyewe kwa karibu dakika nzima. Halafu kimbia, moja kwa moja, ingia ndani, funga mlango, hata kama wachache wameingia nawe. Usipunge mikono, na usijitose ziwani, kwa maana watakungoja juu ya maji. Nguo nyeusi na yenye manyoya huwaudhi zaidi, na pumzi ya mtu anayehema huwaonyesha uso uko wapi.

Hasira hiyo ya nyuki wetu imesafiri. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr aliwapeleka Brazil malkia kutoka Tanganyika na Afrika Kusini, akitaka nyuki watakaostahimili joto la huko kuliko wa Ulaya. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, na wazao wao wakaenea hadi Marekani, ambako magazeti yaliwapa majina ya kutisha. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilitoka nje nikawatazama nyuki wangu kwa fahari kidogo, jambo ambalo najua si zuri.

Kwa mtu mzima mwenye afya, dungo moja au kumi ni maumivu na uvimbe. Kwa mwenye mzio, moja linatosha: akianza kuvimba midomo na uso, kutoka vipele mwilini mbali na palipodungwa, kukosa pumzi au kuzirai, usimpake kitunguu wala matope, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, anahitaji sindano ya adrenalini. Na kwa mtoto au mzee aliyedungwa mara mamia, hata bila mzio sumu peke yake yaweza kuua. Hakuna nyigu hata mmoja kati ya niliowataja hapo juu ambaye naweza kuandika juu yake sentensi hiyo ya mwisho kwa uhakika kama huo. Tunaowaogopa jikoni hawana jeshi. Mwenye jeshi ni yule tunayemtia kwenye chai.

Waliobaki niwapitie haraka. Siafu hawadungi, wanauma kwa meno, na wanang'ang'ania hata kichwa kikikatika. Chungu wekundu wa kwenye miembe, wale majimoto, huuma na kumwagia kidonda asidi. Sungusungu, weusi wakubwa wanaokwenda kwa mstari kuvamia mchwa, wana mwiba wa kweli na huutumia. Mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye Wakenya wamempa jina la mji wao mkuu hadungi wala haumi. Ni majimaji yake, ukimponda kwenye ngozi, yanayobabua. Kuna yule afananaye na chungu mwenye manyoya, kifua chekundu, madoa meupe tumboni, anayetembea peke yake mchangani mchana: huyo ni nyigu jike asiye na mabawa, na watoto wanaotembea pekupeku wafundishwe kutomshika, kwa sababu anadunga vibaya. Na mdudu wa kilio cha usiku niliyemtaja mwanzo, mkubwa, wa kahawia, mwenye tumbo kama soseji na mabawa, aliyekuwa akijigonga kwenye taa wakati wa mvua huku familia nzima imepanda kitandani, alikuwa dume la siafu. Alikuwa akitafuta mchumba.

Nilimwacha jaja na madonge manne, akakubali kwa sharti kwamba nami nije kuyabandua wakipata mabawa wakaondoka. Wajukuu walihesabu buibui wa kwenye sahani, wakapata 14, wakaanza kugombania nani amchukue yule wa kijani.

Wiki mbili baadaye alinipigia tena, safari hii jioni. Alisema kuna wadudu wengi sana kwenye mwembe wa uani, wamejishika kwenye tawi wote pamoja kama ndevu, hawana nyumba, hawana udongo, hawana karatasi. Nilimuuliza kama wanamfuata mtu. Akasema hapana, wametulia, wanavuma taratibu, na mtoto amepita chini yao na ndoo ya maji. Safari hii walikuwa nyuki kweli, kundi linalohama na malkia wake, wameshiba asali ya njiani na hawana cha kutetea huku wapelelezi wao wakitafuta shimo la kuhamia. Nilikuwa nimesafiri, sikuweza kwenda na mzinga. Nilimwambia awafungie watoto na kuku upande wa pili, asiwashe moto, asirushe kitu, angoje.

"Petroli?" aliuliza.

"Hapana, jaja."

Kesho yake saa nne asubuhi aliniambia kwamba wameinuka wote kwa mara moja wakaelekea upande wa ziwa, na kwamba kwenye gome la tawi wameacha madoa meupe, kama mtu aliyekuwa akipiga chapa kwa mshumaa.